Vitamini C, NAC, brokoli au barakoa: umnunulie nini mtu anayeshinda kwenye moshi?

Masika yakishakata na vumbi la Juni likaanza kutimka, duka langu la dawa hapa Buguruni, Dar es Salaam, hupata wateja wa aina moja. Huyu wa juzi aliegesha bodaboda mlangoni, akavua helmeti, akapenga kamasi kwenye kitambaa cheupe, kisha akakikunjua juu ya kaunta bila hata kuomba radhi. Katikati palikuwa na doa jeusi kama masizi ya chini ya sufuria.

"Dokta, hii ndiyo iliyotoka puani. Iliyoshuka chini je? Nipe vitamini ya kusafisha mapafu."

Mimi si daktari, nimekanusha mpaka nimechoka. Na dawa ya kusafisha mapafu sina, wala hakuna aliye nayo, hata yule anayeuza chupa za mitishamba kwa kipaza sauti pale kituoni. Mapafu yana wafagizi wake: vinyweleo vidogo kwenye mirija ya hewa vinasukuma uchafu kwenda juu pamoja na makohozi usiku na mchana, na kinachobaki chini kabisa kinamezwa taratibu na seli za ulinzi. Ila ndani ya swali lake kuna swali jingine la haki kabisa. Kama moshi hatuwezi kuukwepa, kuna kitu cha kula au kumeza kinachopunguza madhara yake? Kipo, na tena si kimoja, na ndiyo maana inabidi vilinganishwe, kwa sababu vingine ni hela imetupwa na viwili kati yake vinaweza kukuumiza.

Kabla sijamjibu nilimuuliza kwanza kama anakohoa, na tangu lini. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hakina mjadala wa vitamini: unaenda kupimwa TB, kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Nimeshaona watu wanakunywa vitamini C miezi mitatu huku wanakonda. Yeye alisema hakohoi, ni kamasi tu na koo kuwasha jioni. Basi tukaendelea.

Vumbi likifika ndani linafanya nini

Lile doa la kwenye kitambaa ni chembe kubwa, zilizonaswa na pua. Zinazosumbua ni zile zisizoonekana, PM2.5, zenye upana usiozidi maikroni 2.5 wakati unywele wa kichwani una kama 70. Hizo hupita pua, hupita koo, zikafika mwisho wa matawi ya mirija ya hewa. Mtaani kwetu nyingi ni masizi ya dizeli na ya mkaa, na juu ya masizi hubebwa kemikali za mafuta yaliyoungua nusunusu pamoja na chuma na shaba, ambavyo sehemu yake hutoka kwenye breki za magari.

Mirija ya hewa imefunikwa na utando mwembamba wa majimaji. Chembe zikitua hapo, yale madini na kemikali huanza kuzalisha molekuli korofi ambazo zimepungukiwa elektroni na hunyofoa ya jirani yeyote aliye karibu: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata DNA. (Kuna kikaratasi cha dawa nilichokisoma kilichoziita "itikadi kali huru", tafsiri ya "free radicals" ya Kiingereza. Nikajiuliza kama niite polisi.) Ukuta ukishanyofolewa unavimba, unatoa makohozi, na kwa mwenye pumu unakaza.

Lakini utando wenyewe haukai mikono mitupu. Una vitamini C, una asidi ya yuriki, una glutathioni ambayo mapafuni imejaa zaidi ya mara 100 kuliko kwenye majimaji ya damu. Hizi ndizo antioksidanti, na kazi yao ni kujitoa ziliwe wao ili ukuta usiliwe. Watafiti wakitaka kujua vumbi la mji fulani lina ukali gani, njia mojawapo ni kulitia kwenye kichupa chenye vitamini C halafu kupima inavyopungua dakika hadi dakika.

Hapo ndipo wauza vidonge walipopatia hoja yao: vumbi linamaliza vitamini C, basi ongeza vitamini C. Hata hesabu inaonekana kuwaunga mkono. Chukua dereva anayekaa barabarani saa 12 na kuvuta lita 12 kwa dakika. Amevuta lita 8,640. Tuseme hewa ina maikrogramu 50 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo (mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wastani wa siku usizidi 15, na wa mwaka usizidi 5). Ameingiza maikrogramu kama 430. Kidonge cha kawaida cha vitamini C kina miligramu 500, yaani zaidi ya mara elfu moja ya uzito wa lile vumbi! Ingekuwa mizani ya sokoni, kidonge kingeshinda kabla ya chai ya asubuhi. Tatizo ni njia. Vumbi linakwenda moja kwa moja kifuani. Kidonge kinaanzia tumboni, na katikati kuna utumbo, damu na figo, kila mmoja na geti lake.

Kidonge cha C kwa mapera

Tuanze na geti la utumbo. Ukimeza miligramu 200 za vitamini C, karibu zote zinaingia. Ukimeza 1,250 kwa mkupuo, hata nusu haifiki. Kisha damu: ukipata kati ya 200 na 400 kwa siku inakuwa imeshajaa karibu kabisa, na ziada figo inaimwaga. Sasa tazama vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya rangi ya chungwa, vinavyotoa povu: vingi ni vya miligramu 1,000. Unalipia elfu moja, unatumia mia mbili tatu, zilizobaki zinaenda chooni. Na usidanganywe na mkojo wa njano uliokolea ukadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Ile rangi ni ya vitamini B2 iliyomo kwenye vidonge vya mchanganyiko.

Weka pembeni yake pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Mapera mawili madogo, yale yanayouzwa kwa fungu nje ya duka langu na mama mwenye beseni la bluu, yanajaza damu yako siku hiyo. Papai na chungwa zina kiasi cha robo ya hapo kwa uzito uleule, embe chini zaidi kidogo, lakini nani anakula gramu mia za embe? Unga wa ubuyu nao unalizidi chungwa kwa mbali, mradi uwe unga wenyewe uliokorogwa kwenye maji. Ubuyu wa mbegu uliopikwa na sukari na rangi mpaka ulimi ukawa mwekundu, huo ni pipi. Napenda sana, ila ni pipi. Na mchicha uliochemshwa hadi ukalegea umeshamwaga C yake kwenye maji na moto. Kachumbari ya hoho na nyanya mbichi inakusaidia zaidi.

Je, kuna ushahidi kwamba C inakinga njia ya hewa dhidi ya hewa chafu, kwa watu walio hai na si kwenye kichupa? Upo mmoja unaopendwa kutajwa, wa Mexico City, wakati hewa ya mji ule ilikuwa haifai. Kuanzia Oktoba 1998 hadi Aprili 2000 watoto 158 wenye pumu walifuatiliwa. Nusu walipewa kila siku miligramu 250 za vitamini C na 50 za vitamini E, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na mara mbili kwa wiki wakapulizishwa kwenye mashine ya kupima mapafu. Kwa waliopewa vidonge vitupu, gesi ya ozoni ikipanda, mirija midogo ilibana, hasa kwa wenye pumu ya kati na kali. Kwa waliopata vitamini, haikubana. Baadaye ikaonekana kwamba walionufaika zaidi ni watoto waliozaliwa bila jeni la GSTM1, linalosaidia mwili kukabiliana na sumu za namna hiyo.

Soma matokeo hayo polepole, maana tangazo halikusomei. Kipimo kilikuwa 250, si 1,000. Walikuwa na pumu. Kilichoonekana wazi ni kinga dhidi ya ozoni, gesi inayopikwa na jua kutokana na moshi wa magari, zaidi ya vumbi lenyewe. Na aliyefaidika zaidi ni yule aliyekuwa na pengo. Mtaona jambo hili likijirudia hadi mwisho: antioksidanti ni udongo wa kuziba tundu la ukuta. Kama ukuta wako hauna tundu, ukipaka udongo zaidi haurefuki.

Kwa hiyo nani namuuzia kidonge cha C? Mtu asiyekula matunda kabisa, na wapo wengi: dereva anayekula chipsi mayai mchana na chipsi kavu usiku. Mvutaji sigara pia, kwa sababu sigara inamaliza C, na wataalamu wa Marekani wanamwongezea miligramu 35 juu ya 90 anazohitaji mwanamume wa kawaida. Kidonge cha 250 kinatosha, au cha 500 ukikata katikati. Kisizidi jumla ya 2,000 kwa siku. Tumbo litaendesha, na mwenye historia ya mawe kwenye figo anajitafutia mengine. Mwenye presha namkataza vile vya povu, kwa sababu povu lile linatokana na chumvichumvi ya sodiamu. Wengi hawajui, wanameza kila siku huku wamepunguza chumvi mezani.

Kopo ambalo siwauzii wavutaji

Vitamini E na beta-karotini ndizo nilizokuwa nikizisema pale juu, viwili vinavyoweza kuumiza. Kwenye chakula ni marafiki: E ipo kwenye karanga, mbegu za alizeti, parachichi, beta-karotini kwenye karoti, viazi lishe, mawese, maboga. Ukizitoa kwenye chakula ukazibana kwenye kidonge kikubwa, habari inabadilika.

Finland walijaribu kwa wanaume 29,133 wanaovuta sigara, wakiamini beta-karotini itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani walikuwa na jaribio lao la watu zaidi ya 18,000, wavutaji, waliowahi kuvuta, na wafanyakazi waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Lilisimamishwa mapema, miezi 21 kabla ya wakati, kwa sababu saratani ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Mapafu yaliyokwisha kuchomwa na moshi na asbesto ndiyo yaliyoumia. Kuhusu E, jaribio jingine la Marekani la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha mwaka 2011 kwamba uniti 400 kwa siku zinaongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Hapa siweki "kwa upande mmoja na kwa upande mwingine". Unavuta sigara au umewahi kuvuta sana, kopo lenye beta-karotini liache kwenye rafu yangu. Kula karoti.

NAC: dawa ya kweli, kwa watu wachache

Hii wengi hawaijui, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote kwenye orodha. Jina refu ni asetilisisteini. Inakuja kwenye vipakiti vya unga au vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 600, na ukifungua kipakiti utasikia harufu ya yai viza. Ni salfa, haijaharibika. Hospitalini ndiyo inayookoa mtu aliyemeza panadoli kupita kiasi, kwa sababu inaupa mwili malighafi ya kutengeneza glutathioni, ileile iliyojaa kwenye utando wa mapafu. Tofauti na C, hii haizibi tundu kwa udongo ulioletwa kutoka nje. Inampelekea fundi tofali. Pia inalainisha makohozi, ndiyo kazi iliyoanza nayo madukani.

Chuo Kikuu cha British Columbia kule Vancouver kina chumba ambamo mtu hukaa akavuta moshi wa dizeli uliopunguzwa kwa kipimo, maikrogramu 300 kwa mita ya ujazo, saa mbili. Watu wazima 26 waliingia humo, kuna wakati wakiwa wamemeza NAC miligramu 600 mara tatu kwa siku kwa siku sita, kuna wakati wakiwa wamemeza vidonge vitupu. Matokeo yalitolewa 2014. Kwa wale ambao mirija yao ina tabia ya kukaza kirahisi, dizeli iliongeza ukazaji, na NAC ikauondoa. Kwa wenye mirija tulivu, hapakuwa na cha kuondoa. Lile pengo tena.

China nako, wagonjwa zaidi ya elfu moja wa COPD, ule ugonjwa wa mapafu kubana unaowapata wavutaji na waliopikia kuni miaka mingi, walipewa 600 mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima. Vipindi vya ugonjwa kupamba moto vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Si muujiza, lakini ni kitu unachoweza kukihesabu.

Bei yake lakini si ya kumeza kila siku kwa mtu anayepiga hesabu ya mafuta ya pikipiki. Tena kuna tahadhari: mwenye dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, ile nitroglisarini, zikikutana presha inaporomoka na kichwa kinagonga. Baadhi ya wenye pumu wanabanwa nayo, hasa ikivutwa kwa mashine. Kwa hiyo mwenye pumu au COPD namwambia aongee na daktari wa kliniki yake aliulizie jina hilo. Kijana mzima asiye na pumu, namwambia hela hiyo anunulie kitu kingine.

Brokoli na ndugu zake wa sokoni

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuamsha viwanda vya mwilini vyenyewe. Sulforafani, kemikali inayopatikana kwa wingi kwenye brokoli changa, inabonyeza swichi ya seli iitwayo Nrf2, na swichi ikiwaka seli hutengeneza antioksidanti zake kwa mkupuo pamoja na vimeng'enya vya kufunga sumu.

Jaribio ninalolipenda lilifanyika Qidong, mkoa wa Jiangsu, China. Watu 291 walikunywa kinywaji kila siku kwa wiki 12, nusu kikiwa na machipukizi ya brokoli. Mkojo wao ukapimwa. Walioikunywa brokoli walikuwa wakitoa benzini iliyofungwa asilimia 61 zaidi ya wenzao, na akrolini, sumu nyingine ya moshi, asilimia 23 zaidi. Benzini ni ileile unayoinusa kituo cha mafuta. Los Angeles wakafanya dogo zaidi: watu 29 waliwekewa puani maikrogramu 300 za masizi ya dizeli, kisha baada ya siku nne za kunywa brokoli wakawekewa tena. Uvimbe wa pua, ukihesabiwa kwa seli nyeupe, ulipungua kwa asilimia 54. Hizo maikrogramu 300, kumbuka, hazipo mbali na zile 430 za dereva wetu.

Halafu 2016 ikaja habari ya kunyima raha. Wagonjwa 89 wa COPD walimeza sulforafani wiki nne na swichi haikuwaka. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayasikii mwito, au hayasikii kwa kipimo kile. Kwa hiyo brokoli na NAC hazigombei mteja mmoja. Mmoja anaonekana kumfaa aliye mzima, mwingine aliyekwisha kuumwa.

Brokoli changa Buguruni hatuna, hata ile kubwa ni ya supermaketi. Kabichi, sukuma wiki na figili ni wa ukoo huohuo, zina kemikali za namna hiyo ingawa sulforafani yenyewe kidogo. Siri iko kwenye kisu. Kemikali hii haipo kwenye jani zima. Inazaliwa jani likikatwa au kutafunwa, kimeng'enya kinapokutana na mwenzake. Ukitupa kabichi nzima kwenye maji yanayochemka umeua kimeng'enya kabla ya harusi. Ikate nyembamba, iache kwenye sinia wakati unakaanga kitunguu, ndiyo uitie, na usiipike hadi ikalegea. Au ile mbichi ya kachumbari ya kabichi inayowekwa kando ya mishikaki. Vidonge vya brokoli vya mtandaoni siviuzi. Vingine vina malighafi bila kimeng'enya, na lebo haikuambii.

Mafuta ya samaki nayataja kwa haraka kwa sababu watu wanayachanganya humu. Si antioksidanti. Shanghai walijaribu kwa wanafunzi 65 wa chuo waliokunywa gramu 2.5 kwa siku, na vipimo vya damu vinavyohusu moyo na mishipa vikatulia licha ya hewa chafu. Ni habari njema kwa moyo. Aliyekuja kwa ajili ya koo na kifua sio yake. Ukipata vibua, kula.

Upande wa pili wa meza

Hadi hapa nimelinganisha vitu vinavyosubiri vumbi liingie. Sasa weka pembeni yao kinachozuia lisiingie, na mizani inaegemea vibaya.

Barakoa ya N95, KN95 au FFP2 iliyobana uso huzuia takriban asilimia 94 au 95 na zaidi ya chembe ndogo. Chukua zile maikrogramu 430: ikibana sawasawa zinabaki kama 20. Hata ikivuja nusu, bado umepunguza zaidi kuliko kidonge chochote nilichokitaja. Beijing wagonjwa 98 wa moyo walitembea saa mbili mjini, siku moja na barakoa nzuri, siku nyingine bila. Siku ya barakoa presha ilikuwa chini na malalamiko ya moyo yakapungua. Ile ya kitambaa na ile ya bluu ya karatasi zinazuia mate na vumbi kubwa, masizi yanapita pembeni kama abiria wa mlango wa nyuma. Na hakuna kati ya hizo inayozuia gesi kama benzini au ozoni. Huko mboga na vitamini ndiko zinakobaki na kazi yao.

Shida ya barakoa ni joto. Saa nane mchana, Barabara ya Mandela, chini ya helmeti, si kila mtu ataivumilia. Nawaambia waivae kwenye foleni na nyuma ya malori, waishushe wakifika uchochoroni.

Mama lishe hali yake ni nyingine, na barakoa haimfai hata kidogo. Huwezi kuonja mchuzi nayo. Yeye ana moto mbele ya uso. Rwanda ilikuwa moja ya nchi nne, pamoja na Guatemala, India na Peru, ambako kina mama wajawazito wapatao 3,200 walifuatiliwa, nusu wakapewa jiko la gesi na mitungi bure. PM2.5 waliyovuta wenye gesi ilikuwa maikrogramu 24 kwa kipimo cha kati, wenye kuni 70.7. Uwongo usemwe na wengine: uzito wa watoto waliozaliwa haukupanda kiasi cha kuhesabika, na nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua. Kwa hiyo gesi nayo si uchawi, 24 bado ni juu ya kipimo cha WHO. Lakini hakuna vitamini iliyowahi kuondoa theluthi mbili ya moshi kwenye pua ya mtu. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa anayeweka akiba ya vidonge vya "kusafisha kifua" kila mwezi, naona mtungi mdogo wa gesi ungekuwa umeshapatikana.

Basi yule wa bodaboda. Hana pumu, havuti, ila chakula chake ni chipsi. Nilimuuzia barakoa mbili za KN95, na kwa kweli faida yangu ilikuwa ndogo kuliko kopo la vitamini alilokuwa amelishika. Nikamwonyesha mama wa beseni la bluu. Alinunua fungu la mapera, akang'ata moja palepale, akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi, akatoa barakoa mfukoni na kuikunjua juu ya kaunta kama alivyofanya kile kitambaa. Mbele ilikuwa ya kijivu. Lakini ndani, pande mbili za pua, ilikuwa na mistari miwili myeusi iliyonyooka.

"Dokta, hii imekuwaje? Imevuja?"

Hakuwa ameubana ule waya wa puani. Nikaivaa yangu, nikaweka vidole viwili juu ya pua na kuukandamiza kuelekea mashavuni. "Sasa puliza," nikamwambia. "Ukisikia upepo kwenye macho, bado."

Akavaa mpya, akabana, akapuliza mara tatu.